Kukipangusa Kibao

Uso wake niliujua kidogo.
Shingo yake niliijua kama njia ya kwetu:
kovu chini ya nywele, upande wa kushoto,
jasho likifuata mfereji wa mgongo
mpaka jina ZÁRRAGA linakolea, herufi baada ya herufi.

Kazi yangu ilikuwa kusimama nyuma yake, mwamuzi,
naye mdakaji, amechuchumaa.
Wenzake wanane wametazama huku.
Yeye peke yake ametazama kule,
kama mtu aliyewekwa mlangoni pa nyumba
asiyeruhusiwa kuingia wala kuondoka.

Alikuja Amarillo ana miaka kumi na tisa,
kutoka Carora. Joto kwa joto, alisema,
ila la hapa halina mbuzi.
Kiingereza chake maneno matatu: ndiyo, wangu, kesho.
Mimi ni Verlon; akaniita Berlon,
na kwa misimu kumi na mmoja sikumsahihisha.

Ishara zake sikuziona kamwe.
Vidole viliongea gizani, katikati ya mapaja;
nilimwona tu mrushaji akiitikia kwa kichwa,
kijana wa mamilioni asiyejua
kwamba wazo lake limetoka chini,
kwa mtu anayelipia nusu ya chumba.

Niseme na hili, maadamu nimestaafu:
aliniibia.
Mpira unapita nje kwa upana wa ukucha,
glavu inaurudisha ndani taratibu,
kama mama amfunikaye mtoto bila kumwamsha,
na kabla sijajishauri mkono wangu umeinuka: straiki!
Mpigaji ananitukana mimi. Zárraga hageuki.
"Ulikuwa mzuri, Berlon," ananong'ona ndani ya barakoa,
na sote wawili twajua haukuwa.

Tulsa, Julai, usiku wa mbu.
Mpira uliokwaruza gongo ukanipata kooni.
Dunia ikawa nyeupe.
Sikuanguka; mwamuzi akianguka watu hushangilia.
Yeye akaomba muda, akamwendea mrushaji
kwa mwendo wa mtu anayehesabu kokoto,
akasimama pale akizungumza (niliambiwa baadaye)
juu ya bei ya matairi,
mpaka pumzi yangu iliporudi.

Sheria hiyo haimo kitabuni.
Nami, mpira ulipomvunja kidole gumba kule Wichita,
nilitoa brashi, nikaupa uwanja mgongo,
nikainama kukipangusa kibao, pembe zote tano,
chembe moja moja,
hadi alipomaliza kulaani kwa Kihispania.

Ligi kuu walimwita mara moja.
Septemba, siku kumi na tisa.
Nilikuwa kwa dobi wa mashine, soksi zangu zikizunguka,
televisheni ukutani haina sauti.
Raundi mbili za mwisho, timu yake imezidiwa kwa tisa.
Akachuchumaa. Nyuma yake mwamuzi mwingine,
suruali imenyooshwa kwa pasi,
na nikaona wivu, Mungu anisamehe,
sijui wa nani kati yao.

Kisha magoti.
Niliyasikia kabla ya daktari.
Kila alipoinuka alishika ardhi kwanza,
vidole vimepinda kama tangawizi.
Kando ya uwanja mtoto wa miaka ishirini akipasha mwili,
glavu yake bado inanukia duka.

Mechi ya mwisho hakuna aliyeitangaza.
Agosti, Midland, watu mia nne na mbwa mmoja.
Akaniambia bila kugeuka:
"Hakuna kesho, Berlon."

Hakuna aliyekuwa ameumia.
Kibao kilikuwa safi, cheupe kama kilivyotoka ghalani.
Niliomba muda.
Nikazunguka mbele, nikaupa uwanja mgongo,
na hapo akavua barakoa, nikamwona:
mzee wa miaka thelathini, mavumbi kwenye kope.

Nikatoa brashi.
Nikainama.
Sikuwa na haraka.